Nimeishi Cork, Ireland, zaidi ya miaka 20, na alonifunza kukaa hapa ni Seán Óg, mchezaji wa hurlingi

Nilifika Cork mwezi wa tatu mwaka 2004. Mke wangu alikuwa ashatangulia, yeye ni nesi, alikuja kwa mkataba wa kazi, mimi nikamfuata na begi moja na jaketi la Mombasa ambalo kwa upepo wa huku ni kama hujavaa kitu. Nikapata kazi ya usiku stoo, kupakia mizigo kwenye malori, na huko ndo nilipolisikia neno hurlingi mara ya kwanza, manake jamaa tuliokuwa nao zamu moja hawakuwa na habari nyingine. Mpira wa Uingereza wanauongea dakika 5 wamemaliza, hurlingi wanaenda nayo mpaka alfajiri.

Jioni moja nikielekea kazini, niko juu kwenye basi la ghorofa, nikaona uwanja umewashwa taa, mvua inanyesha, vijana na fimbo mkononi wanakimbizana, wanagongana mabega, fimbo zinapanda juu zinashuka, moyo ukanipiga paa, nikajua hapa kuna vita. Sisi tuliokulia pwani mchezo wa fimbo tunaoujua ni kirumbizi, watu wawili wawili, ngoma na zumari nyuma yao, harusini ama wakati wa maulidi. Hii ilikuwa kitu kingine kabisa. Nilikuwa nimecheza hoki shuleni, nikadhani labda ni hoki, lakini hoki gani mpira unapita juu ya vichwa vya watu na mtu anaudaka kwa mkono mtupu.

Kwa wasioujua, niueleze kidogo. Timu mbili, watu 15 kila upande, fimbo inachongwa kwa mti wa ash na kule chini imepanuka kama mwiko wa ugali mkubwa. Mpira mdogo wa ngozi ulioshonwa, ndani una koki, wanauita sliotar. Goli lina nguzo mbili ndefu na mtambaa katikati, ukipitisha juu ya mtambaa unapata pointi 1, ukiingiza chini wavuni ni goli, sawa na pointi 3. Ndo maana matokeo yao yanaandikwa 1-21, maana yake goli 1 na pointi 21. Na unachezea ulikotoka. Hapa hakuna kununua mchezaji wala kuuza, unazaliwa ama unalelewa mtaa fulani, unachezea klabu ya mtaa huo, ukiwa hodari unaitwa timu ya kaunti, na kaunti zinagombea kombe la Ireland nzima. Chama chao, GAA, kipo tangu 1884 na mpaka leo mchezaji halipwi mshahara. Mtu anacheza fainali Jumapili mbele ya watu 80,000, na ana kazi yake ya kawaida ofisini ama darasani inamngoja.

Hilo la kuchezea ulikotoka ndo lilinikaa kichwani, manake mimi nilikuwa sitoki hapa, na mwaka ule kila kitu kilikuwa kinanikumbusha hivyo. Mwezi wa sita 2004 kulikuwa na kura ya maoni, kubadilisha katiba ili mtoto akizaliwa Ireland na wazazi wageni asipate uraia papo hapo kama zamani. Karibu watu 4 kati ya 5 walipiga kura ya ndiyo. Mabango yalikuwa kwenye kila nguzo ya taa, na mimi na mke wangu tulikuwa tumeanza kuongea habari ya kupata mtoto. Siwezi kusema watu walitutendea vibaya, majirani walikuwa wazuri, lakini unapita chini ya lile bango asubuhi umetoka kazini umechoka, unajiuliza nani katika hawa wanaonisalimia alipiga kura gani.

Mwezi wa tisa mwaka huo huo mji ukageuka mwekundu, bendera madirishani, kwenye magari, mpaka mbwa kavalishwa jezi. Cork walikuwa fainali na Kilkenny. Walishinda 0-17 kwa 0-9, na kazini mzee mmoja tuliyekuwa tunapakia naye akaniletea gazeti lenye picha za wachezaji, akaniwekea kidole kwenye picha moja akaniambia muangalie huyu, namba 7, huyu ndo beki wetu. Nikaangalia. Kijana ana rangi ya maji ya kunde, nywele nyeusi tii, mwili wa mtu wa visiwani. Jina chini limeandikwa Seán Óg Ó hAilpín. Nikamuuliza mzee, huyu ni wa wapi? Akanijibu bila kufikiria mara mbili, ni wa Cork.

Lakini hadithi yake ni ndefu kidogo. Babake anatoka kaunti ya Fermanagh kule kaskazini, alihama kwenda Australia. Mamake, Emeli, ni mtu wa Rotuma, kisiwa kidogo kilicho peke yake baharini zaidi ya kilomita 400 kaskazini ya Fiji, kiko chini ya serikali ya Fiji lakini watu wake wana lugha yao. Seán Óg kazaliwa huko mwaka 1977, wakakulia Sydney, na kule Sydney mchezo wake ulikuwa raga ya ligi, fimbo alikuwa haijui. Mwaka 1988 familia yote ikahamia Cork, upande wa kaskazini wa mji, mitaa ya watu wa kawaida. Yeye ana miaka kama 11. Watoto wenzake washaanza kushika fimbo tangu wanatambaa, yeye ndo anaanza. Mtangazaji maarufu Mícheál Ó Muircheartaigh, aliyefariki 2024, alikuwa na maneno yake ambayo kila mtu Ireland anayajua, kwamba babake Seán Óg ni wa Fermanagh, mamake wa Fiji, na kote kuwili si ngome ya hurlingi. Watu wanayarudia wakicheka, lakini mimi nikiyasikia nilikuwa nayasikia kwa namna yangu, manake babangu mimi ni wa Kisauni, Mombasa.

Na hakuwa peke yake, nyumba nzima ilikuwa ya michezo. Teu, Setanta, Aisake, wote ndugu zake, wote walicheza klabu moja, Na Piarsaigh. Hilo jina Setanta, babake alijua anachofanya. Katika ngano za Ireland Setanta ni kijana aliyekuwa anakwenda karamuni kwa mtu mmoja fundi chuma, Culann, huku njiani anapiga mpira wake na fimbo, mbwa mkali wa yule fundi akamrukia, kijana akaupiga mpira ukamwingia mbwa kooni. Mtoto aliyezaliwa Sydney, mama wa Rotuma, kapewa jina la mpiga hurlingi maarufu kwenye hadithi za nchi ambayo alikuwa hajaiona. Mimi baba wa watoto wawili hilo nimeliwaza sana. Unampa mtoto jina, ama mchezo, ama lugha, halafu unangoja miaka kuona kama atalibeba.

Sasa 2005. Fainali Cork na Galway, mwezi wa tisa. Yule mzee wa kazini akanialika kwao, mkewe katuwekea chai na mikate ya siagi, watoto na wajukuu wote jezi nyekundu, mimi ndo sina. Seán Óg mwaka huo alikuwa kepteni, manake desturi ya Cork ni kwamba klabu iliyochukua ubingwa wa kaunti mwaka uliopita ndo inamchagua kepteni, na 2004 ilikuwa Na Piarsaigh. Safu ya nyuma pale katikati ilikuwa John Gardiner kulia, Ronan Curran kati, Seán Óg kushoto, na hao watatu ukitaka kuwapita lazima uwe na shughuli. Galway wenye jezi za damu ya mzee walipigana kiume, lakini ikaisha 1-21 kwa 1-16. Seán Óg akapanda ngazi za Croke Park, uwanja wa fainali kule Dublin, kuchukua kombe, Liam MacCarthy wanaliita, na akaanza kuhutubia.

Akahutubia kwa Kiairishi, mwanzo mpaka mwisho.

Mimi sikuelewa hata neno. Lakini niligeuka kumwangalia mzee nikakuta machozi yanamtoka, na yeye pia nusu ya maneno yalikuwa yanampita, aliniambia mwenyewe, Kiairishi alisoma shuleni kwa viboko akakiacha hapo hapo. Hebu fikiria hapo. Umati wa watu unaangalia, wengi wao lugha ya babu zao hawaiongei, na anayesimama kuiongea mbele ya nchi nzima ni kijana wa Rotuma aliyeanza kujifunza akiwa na miaka 11. Mwaka mmoja baada ya ile kura.

Nilirudi nyumbani usiku ule nimejaa, nikamwambia mke wangu, umeona, ukifanya kazi kwa bidii ukashinda hawa watu wanakukubali. Hilo ndo lilikuwa somo nililolichukua 2005. Nimekuja kuona baadae kwamba nililielewa nusu.

Mtoto wetu wa kwanza kazaliwa 2006, kijana. Na hapa niseme jambo ambalo linaniuma mpaka leo. Kiswahili nyumbani tulikiacha. Hatukukaa tukaamua, kiliondoka tu. Mke wangu yuko zamu, mimi niko zamu, mtoto yuko kwa mama mlezi anayeongea Kiingereza, akirudi anatujibu Kiingereza, sisi tumechoka tunamfuata. Mtu mmoja anayejua mambo ya watoto alitushauri ati lugha mbili zitamchelewesha, na sisi tukamwamini. Halafu kijana alipofika miaka 4 mke wangu akataka tumpeleke shule ya msingi ya Kiairishi, ziko nyingi tu Cork, masomo yote ni kwa lugha yao. Mimi nikakataa. Nikasema lugha ya nini hiyo, hata wenyewe hawaiongei, kazi gani atapata nayo. Akaniangalia akaniambia, wewe si ndo ulikuja umejaa siku ile ya Seán Óg? Nikanyamaza. Mtoto akaenda.

Akiwa na miaka 6 akaanza klabu ya mtaani kwetu, Jumamosi asubuhi, watoto 40 na helmeti kubwa kuliko vichwa vyao. Mimi nasimama pembeni mikono mfukoni, sijui nisimame na nani. Akanijia mzee mmoja wa klabu, anayechora mistari ya uwanja na kufungua geti, akaniuliza natoka wapi, nikasema Kenya, akauliza tena, unamjua Brother Colm? Nikashtuka. Brother Colm O'Connell, yule mtawa aliyekuja Iten mwaka 1976 kufundisha St Patrick's akaishia kuwa kocha wa wakimbiaji wa dunia, ni mtu wa kaunti ya Cork, karibu na Mallow. Ilikuwa 2012, Rudisha ndo ametoka kukimbia mita 800 London kwa 1:40.91, rekodi ya dunia, na mzee akawa ananieleza habari za Iten kunishinda mimi wa Mombasa ambaye Iten sijafika. Tangu siku ile nikawa na pa kusimama. Miezi miwili baadae nikapewa kazi ya kubeba koni na kuokota mipira, na nikiri kwamba hakuna cheo nilichowahi kupewa Ireland kilichonifurahisha vile.

Yule mzee ndo alonieleza sehemu za Seán Óg nisizozijua. Kwamba 1999, ana miaka 22, alicheza fainali mbili za Ireland ndani ya wiki mbili, ya hurlingi na ya mpira wa miguu wa kiairishi. Ya kwanza Cork wakaifunga Kilkenny 0-13 kwa 0-12, pointi moja tu, ya pili wakapoteza kwa Meath. Na kwamba 2001 alipata ajali ya gari, goti likaharibika vibaya, mshipa unaoshika pia ya goti ulikatika, na watu wengi walidhani mchezo kwake umekwisha. Akarudi 2002. Akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka 2004. Kabla hajanieleza hayo, mimi mwaka 2009 nilikuwa nimepunguzwa kazi wakati uchumi ulipoanguka, na mgongo umeniharibika kwa miaka ya kubeba, nimekaa nyumbani mwaka mzima mke wangu ndo anatulisha. Siku aliyonieleza habari ya goti nilimuuliza, alifanyaje? Nilitaka jibu kubwa. Akasema, mazoezi, kila siku, yale yale, mwaka mzima. Nilikuwa na karatasi ya mazoezi ya mgongo kutoka hospitali, miaka 3 iko kwenye droo.

Lakini kilichonibadilisha zaidi ni habari ya mgomo.

Mwisho wa 2002 wachezaji wa Cork waligoma. Watu hawalipwi, wanaacha kazi zao na familia zao usiku kwa usiku, halafu wanaomba vitu vya kawaida, daktari awepo mazoezini, jimu, usafiri wa maana, na viongozi hawawasikilizi. Wakasimama pamoja wakasema hatuchezi. Wakapata walichoomba, na miaka mitatu iliyofuata wakaingia fainali tatu wakashinda mbili, na mtu yeyote wa Cork atakuambia hivyo vitu viwili vimeshikana. Wakagoma tena majira ya baridi ya 2007 kuingia 2008, na tena 2009, na hizo za baadae ziligawanya kaunti, ndugu na ndugu hawaongei. Seán Óg alikuwa ndani ya zote, mbele, jina lake na sura yake.

Mimi nilikuwa nafikiria kama mgeni. Mgeni siku ya kwanza, mgeni siku ya pili, siku ya tatu mpe jembe, si ndo tulivyofunzwa? Nilikuwa najua kushika jembe, lakini nilikuwa naamini mgeni hata akishapewa jembe hana ruhusa ya kusema mpini umevunjika. Kwenye kazi moja niliyopata baadae walikuwa wanatukata masaa ya ziada, miezi na miezi, na waliokuwa wanakatwa zaidi ni sisi, Wakenya, Wapoland, Wabrazil, na tulikuwa tunanyamaza, tunaambiana shukuru una kazi. Nikawa najiuliza, huyu kijana wa Rotuma, kama angefuata hesabu yangu, angefanya nini 2002? Angenyamaza, si ndo? Angesema nchi imenipokea, imenipa jina, nani mimi nianze fujo. Na watu wangempenda vile vile pengine. Lakini hakunyamaza, alisimama na wenzake kama mtu yeyote wa hapo, na wengine wakamkasirikia kama wanavyomkasirikia mtu yeyote wa hapo. Hapo ndo nikaelewa kwamba mgeni hakasirikiwi, mgeni anavumiliwa tu. Nikaenda chama cha wafanyakazi, nikaandika majina, tukaenda watu 9 kwa meneja. Ilichukua miezi 7 na tulilipwa. Kuna waliosema hawa wageni wamezidi, nikalala usingizi wangu vizuri.

Naruka miaka. Kijana wangu akakua na fimbo, dadake naye anacheza camogie, yaani hurlingi ya wanawake, na nyumba yetu ukuta wa nyuma wote una alama za mpira, rangi imebanduka kwenye duara moja, manake ndo mazoezi yenyewe hayo, mtoto na ukuta, kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka usiku unaingia. Akafika miaka 14 akaitwa kwenye kikosi cha vijana cha kaunti cha majaribio. Mimi nilikuwa na jezi sasa, naivaa hata kulala. Nikawapigia simu Mombasa, nikamwambia mamangu mjukuu wako atachezea Cork. Baada ya wiki kadhaa yakatoka majina ya kikosi cha mwisho, hayumo. Hakuna maelezo, ni ujumbe wa simu wa mistari miwili.

Nilikasirika nikatetemeka. Kuna siku moja nyuma kwenye mechi mzazi wa timu nyingine alimtupia mwanangu neno la rangi yake, nililisikia kwa masikio yangu, na yule refa hakufanya kitu, kwa hiyo kichwani mwangu nikaunganisha. Nikasema ni hilo. Nikataka kwenda kwa makocha, nikataka kumtoa mtoto kwenye mchezo kabisa, nikamwambia umeona, umewapa miaka 8 na bado. Kijana ananiangalia tu. Akanijibu, Baba, yule aliyechukua namba yangu ananishinda kwa mkono wa kushoto. Mimi kushoto kwangu ni kudhaifu. Jumanne nina mazoezi klabu, utanipeleka ama nichukue baisikeli?

Usiku ule nilikumbuka mwisho wa Seán Óg, ile sehemu ambayo hakuna anayeitengenezea mabango. Mwaka 2010, ashachukua kombe 3 za Ireland, ashachaguliwa kwenye timu bora ya nchi mara 3 mfululizo 2003, 2004 na 2005, kepteni wa 2005, na bado aliambiwa hahitajiki tena kwenye kikosi cha Cork. Ana miaka 33, yuko fiti, na anataka kucheza. Ile hotuba haikumsaidia, wala lile goti alilolirudisha. Na alifanya nini? Akaenda Na Piarsaigh. Jumanne na Alhamisi, uwanja wa mtaani, na vijana waliokuwa shule ya chekechea wakati yeye anachukua kombe la kwanza. Kisha Jimmy Barry-Murphy, aliyekuwa kocha wake 1999, akarudi kuishika Cork na akamwita tena kwa msimu wa 2012, ana miaka 35, wakafika nusu fainali wakatolewa na Galway, na mwisho wa mwaka huo akastaafu mwenyewe kwa mdomo wake.

Kwa hiyo lile somo langu la 2005, ukishinda watakukubali, lilikuwa halijakamilika, na nilikuwa nimempandikiza mwanangu bila kujua. Kaunti inakupenda leo, kesho inakuacha, hata uwe nani, na hata uwe umezaliwa hapa vizazi 10. Klabu ndo haikuachi, manake klabu haikukuchukua kwa ajili ya kombe, ilikuchukua kwa sababu unakaa hapo na ulikuja Jumanne. Angalia ndugu zake. Setanta alicheza na kakake fainali ya 2003, kijana wa miaka 20, Cork nzima inamwota, na mwaka huo huo akaenda Australia kucheza mpira wa kule, klabu ya Carlton, akakaa miaka. Aisake naye akaenda Carlton, akarudi akachezea Cork. Kila mmoja njia yake, na kote walikopita bado wanaitwa watoto wa Na Piarsaigh. Ama wale ndugu wa Portumna, Ollie Canning alikuwa beki wa Galway siku ile ya 2005, alistaafu bila kulichukua kombe la Liam MacCarthy, akaja mdogo wake Joe akalipata 2017. Kama Ollie alisherehekea, na nina hakika alisherehekea, hakusherehekea kwa sababu yeye amekubaliwa.

Kama ilikuwa rangi ama mkono wa kushoto, sijajua mpaka leo. Nimeacha kutafuta. Yule refa niliandika barua juu yake, hiyo nilifanya na ningeifanya tena, lakini kikosi nilikiacha. Jumanne nilimpeleka.

Sasa ana miaka 19, hajaitwa kaunti tena, anachezea timu ya watu wazima ya klabu, beki wa kushoto, mkono ule dhaifu sasa si dhaifu. Kiairishi anakiongea kama maji. Na akiwa na miaka 16 akaja mwenyewe kuniambia, Baba, kwanini mimi najua lugha ya watu wa hapa na ya nyanya siijui? Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kuanza. Tukaanza mezani, chakula cha jioni, Kiswahili tu, hata kama ni kunyamaza. Dadake alilia wiki ya kwanza.

Desemba 2023 tukaenda nyumbani Kisauni, wote wanne, mara ya kwanza tangu wawe wakubwa. Kijana alibeba fimbo mbili na mipira kwenye begi, uwanja wa ndege Moi askari wa forodha akazitoa akazigeuza geuza, ni za nini hizi, na yeye akamweleza kwa Kiswahili chake kile cha kuokota okota, polepole, askari akangoja mpaka akamaliza. Asubuhi ya pili nikaamshwa na mlio ninaoujua, tok, tok, tok, nikatoka nje nikamkuta anapiga mpira kwenye ukuta wa duka la jirani, na watoto wa mtaa wamejaa, mmoja ameshika ile fimbo ya pili kwa mikono yote miwili kama mwiko. Mamangu kaketi barazani na kikombe chake cha kahawa. Kijana akamwendea, shikamoo nyanya. Marahaba, akamwambia, njoo ukae hapa, hebu nambie huo mchezo wenu mtu anafungaje? Akaketi chini miguuni pake, akachora nguzo mbili kwenye mchanga kwa kidole, akaanza.